Siku Niliyosahihisha Jina Langu

Ukiniuliza siku yangu ya kwanza kazini, sitakutajia redio. Nitakutajia jiko la Mama Zuhura, mtaa wa Matisi, Kitale, kabla hata sijaajiriwa. Hapo ndipo nilipojifunza utangazaji, unga ukiwa mikononi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, redio ndogo za FM zilipokuwa zikichipuka kila mji. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, mama wa mtoto mmoja, mchuuzi wa vitenge. Nilivinunua Lwakhakha, mpakani mwa Uganda, nikaviuza Bungoma na Kitale, na jioni nikasomea cheti cha uandishi wa habari. Ndugu zangu walinicheka mpaka wakachoka. Baba peke yake ndiye aliyesema niende, akabaki na mwanangu Simiyu nyumbani Kanduyi, Bungoma. Kwa hiyo redio moja ya Kitale iliponiita kwa mahojiano ya kazi, ya kwanza maishani mwangu, nilijua nikirudi mikono mitupu nitabeba vitenge hadi uzeeni, na ndugu zangu watakuwa wamesema kweli. Niliitaka kazi ile kwa moyo wote.

Mama Zuhura alikuwa mteja wangu, mjane wa Kiislamu aliyeuza mandazi karibu na msikiti. Baba yake alitoka pwani, na Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa. Aliposikia habari yangu alikataa nilale gesti. "Gesti ya nini na mimi niko? Njoo mapema tujitayarishe."

Asubuhi ya kwanza alinipa gazeti kuukuu, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasimama wima, nikasoma: "Wapiga kula wamejitokeza kwa wingi mahari pengi..."

Mama Zuhura aliweka mwiko chini. "Mama Simiyu, mwanangu. Hao wapiga kula ni wageni wa harusi? Na hiyo mahari, nani anaolewa?"

Huo ndio ugonjwa wetu watu wa Bungoma. L na R kwetu ni ndugu wa tumbo moja: ukimwita huyu, anaitika yule. Nyumbani hakuna anayeona kosa. Hewani ni jambo jingine, kwa sababu msikilizaji hana karatasi ya kuangalia. Ana sikio tu, na neno likipita limepita.

Chuoni walikuwa wametufundisha alama za pumzi, yaani vistari vya penseli unavyochora kwenye taarifa ili ujue pa kuvuta hewa. Mama Zuhura aliongeza zake: kila penye R alichora duara. Na kila niliposema kula badala ya kura, alinisukumia andazi. "Haya, kula basi!" Siku hiyo nililala nimevimbiwa. Lakini hakuwahi kunicheka kwa dharau, na nikikata tamaa alinifuta unga usoni kwa leso yake, akasema tuanze upya. Mama yangu alikuwa amefariki zamani. Nilikuwa nimesahau raha ya kurekebishwa na mtu anayekupenda.

Kufikia siku yenyewe ulimi wangu ulishika sheria moja tu: ukiona shaka, sema R.

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu. Studio ni chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani, zinazomeza mwangwi. Mhariri Mkuu, mtu mrefu asiye na haraka ya kutabasamu, alinipa taarifa ya uchaguzi. Nikasoma. Kura zikawa kura, mahali pakawa mahali, rais akawa rais. Nilijisikia nikielea.

"Sasa funga," akasema. Kufunga ni kumalizia taarifa kwa kutaja jina lako na ulipo, ili msikilizaji ajue nani amemletea habari.

Nikavuta pumzi. "Kutoka Kitale, mimi ni Nafura."

Mhariri Mkuu akaegemea kiti. "Unafura kwa nini, mama? Nani amekukosea?"

Ndipo niliposikia nilichosema. Nimesahihisha kila kitu mpaka nimelisahihisha jina langu mwenyewe! Machozi yakanitoka pale pale mbele ya maikrofoni. Nikaona vitenge vyangu vikinisubiri.

"Ni Nafula," nikasema. "Pole sana, bwana. Ni hizi L na R. Nilifanya mazoezi ikapita kiasi."

"Hilo jina ni la nani kwenu?"

"Ni ya kukhu wangu, mama ya baba. Alituacha kabla nizaliwe."

Akaisogeza ile karatasi kwangu. "Basi mrudishie jina yake. Soma tena, na hii ya sasa usome kama mtu wa kwenu. Hizo herufi tutarekebisha pole pole."

Nikasoma tena. Wapiga kula wawili watatu walitoroka, tukacheka sote, nikaendelea. Nilipofunga nilisema Nafula, kwa L yake yote. Mhariri Mkuu akaniuliza naijua Lwakhakha kiasi gani, nikamweleza wachuuzi wanalia nini na mpaka unafungwa lini, mpaka akasahau kuangalia saa.

"Utaanzia Bungoma," akasema. "Lakini kura na kula, tafadhali, usinichanganyie hiyo!"

Nilipompa Mama Zuhura habari, alijifunika uso kwa leso, akalia kuliko mimi.

Nimefanya kazi chini ya wahariri wengi tangu hapo, Bungoma, kisha Kitale, kisha Bungoma tena, mpaka nikastaafu nikiwa mhariri wa zamu. Vijana hunijia. "Niaje, mathe, si utuambie intaviu inakuwanga aje?" Ninawaambia wajitayarishe mpaka wachoke, kisha wamtafute mtu wa kuwasikiliza kwa upendo, kwa maana sikio lako mwenyewe hukudanganya. Na wasiende kule kuwa mtu mwingine. Huyo mwingine hajaitwa.

Lakini nikiwa peke yangu, ninayoikumbuka ni taarifa yangu ya kwanza kutoka Bungoma. Sisi Wabukusu, baba akimpa bintiye jina la mama yake yeye baba, humwita mayi, yaani mama. Hivyo ndivyo baba alivyoniita tangu nilipozaliwa. Jioni ile, Simiyu aliniambia baadaye, baba aliketi karibu na redio, kofia kichwani. Nilipofunga kwa kusema, "Mimi ni Nafula," alivua kofia, akainama mbele ya redio, akaitika, "Naam, mayi."