Dhambi za Elisha na Karafuu za Bi Moza

Pale kijijini Ole, miaka ile serikali ilipokwisha kuwagaia watu eka tatu tatu za mikarafuu, hapakuwa na mtabiri wa hali ya hewa. Alikuwapo Elisha Nyange.

Alikuwa Mkristo pekee mtaani, tena mwoga wa Mungu kupita kiasi. Mvua ikimkutia karafuu kwenye jamvi hakulaumu mawingu, alijipekua mwenyewe. "Ghadhabu hii! Jana nilimcheka Ame alipoanguka mkarafuuni." Akitukana punda, mbio kuanua karafuu kabla adhabu haijashuka. Akimtamani kuku wa mwenziwe, mbio kuanua. Na balaa ni kwamba mara nyingi mvua ilishuka kweli! Vuli ile, jamani, inawanyeshea hata mawalii.

Majirani zake Waislamu walimcheka, wakamzoea, mwisho wakamtegemea. Kila asubuhi Bi Moza, mjane wa ng'ambo ya ua, alimwita: "Mzee Nyange! Leo u safi, nianike?"

Elisha akisema safi, mtaa mzima huanika. Akiguna, hakuna anayetandika jamvi.

Sasa asubuhi moja Bi Moza akaja amefura. Muhogo wake umegugunwa mpaka shina.

"Mbuzi wako yuko wapi?"

"Nimemfunga," akasema Elisha. Uongo mkavu! Mbuzi alikata kamba tangu alfajiri, na Elisha alijua.

"Haya. Basi u safi, nianike?"

Angesemaje tena? "Safi, Bi Moza."

Bi Moza akamwaga karafuu zake zote, ndizo alizozitegemea kununulia mabati ya nyumba yake inayovuja. Majirani nao wakamwaga. Haikupita saa, wingu jeusi likasimama juu ya mikarafuu.

Elisha akalitazama wingu. Yeye kuadhibiwa ni haki yake, lakini mjane wa watu kakosa nini? Aibu nayo ilimshika miguu. Akaikung'uta, akaruka ua.

"Anua, Bi Moza! Nimesema uongo! Mbuzi wangu kakata kamba, ndiye kala muhogo!"

Lo! Mtaa ukapinduka. Watu wakakimbia na majamvi, na Elisha mbele yao, kila pakacha alilobeba akiungama kosa jingine: nazi aliyookota kwa Ame, jembe aliloazimwa na Silima akadai limepotea. Silima akasimama na jamvi lake, "Kumbe!"

Karafuu ya mwisho ilipoingia ndani, wingu likasogea, likaenda zake. Jua likawaka kweli kweli. Watu wakatazama juu, kisha wakamtazama Elisha.

Elisha akalia. Mvua alikuwa ameizoea miaka yote, jua hakujua alijibuje. "Mungu hakunikasirikia," akasema. "Nimemkosea hivi, naye kaniachia jua."

"Yeye hakukasirika," akasema Bi Moza, "mie nimekasirika. Anika zote upya, za kwangu na za watu. Na muhogo wangu utaupanda wewe."

Akaanika mpaka mgongo ukamgoma. Jioni akapanda muhogo, akarudisha nazi, akapeleka na jembe.

Asubuhi ya pili Bi Moza akasimama uani kwake kama kawaida. Usafi hakuuliza.

"Mzee Nyange! Mbuzi kafungwa?"

Elisha alitaka kusema ndiyo, akaenda kwanza kuitazama kamba.