Fomu ya Kumi na Tisa

Niliapa kwamba semina ile ya Ngara lazima ifaulu, liwe liwalo. Kutwa niliwafunza viongozi kumi na wanane wa vikundi vya kijamii kutathmini miradi yao. "Kabla hujaamini fomu zozote," niliwasisitizia, "zihesabu!"

Jioni wakajaza fomu za kunitathmini mimi. Kwa kuogopa alama mbovu, mimi mzima na tai yangu nikajaza moja kisirisiri: "Mwezeshaji huyu ni moto wa kuotea mbali!" Nikaichomeka katikati.

Mama Wanza wa kikundi cha Kabiria akajitolea kuzisoma. Akazihesabu kwanza.

"Mwalimu, sisi tuko kumi na wanane. Hii ya kumi na tisa ni ya nani? Na mbona ni hii pekee iliyoandikwa kwa kalamu ya kijani?"

Macho yote yakatua kwenye mfuko wa shati langu.