Siku Niliyozima Spika Kanisani

Mkinicheka mcheke polepole, kwa sababu mama yangu hajamaliza kunicheka na yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Mimi ndiye yule kijana wa Sultan Hamud aliyemwita baba mkwe wake msaliti mbele ya kanisa zima huko Matiliku, tena kwa filamu, tena kwa wimbo wenye kiitikio.

Yote yalianza na neno moja la kiburi. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kinatengeneza filamu juu ya vibarua waliogoma zamani za ukoloni kwenye shamba la mkonge la mzungu mmoja, waliokataa kukata majani kwa posho ya unga wenye wadudu, na nyanya yangu alinisimulia kisa chote, akaniimbia na wimbo wa vibarua hao, mpaka jina la nyapara aliyewataja viongozi wao wakafungwa: Kithome wa Ngula. Musyoka, mpiga kamera wetu, akaniambia, "Weka jina la uongo, ndugu yangu. Hizi vitu ziko na wenyewe." Nikamjibu, "Wacha woga, huyo mtu alikufa kitambo." Mkamba mzima nasema hivyo! Sisi ambao kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, jina likizikwa leo kesho linanyonyeshwa, lakini mimi nilikuwa nimeandika mchezo wangu wa kwanza na nilijiona nimefika.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Mwende. Jumamosi baada ya onyesho letu tulikuwa tupeleke kwao mbuzi wa ntheo (wasipopokelewa hao hakuna ndoa, hata mpendane namna gani), na Jumapili ya onyesho, pale kanisani Matiliku, baba yake alikuwa amebaki baada ya ibada kutazama filamu yetu. Mimi nilimjua kama Mzee Daudi, basi. Baba mkwe humuulizi jina lake la Kikamba. Kuna nthoni, ile haya ya mtu na wakwe zake, inayokufanya hata salamu uipeleke ukitazama viatu. Nikaketi nyuma yake, shati limepigwa pasi, moyo umetulia. Madirisha yalikuwa yamezibwa na mablanketi, projekta imewashwa, na pasta akasimama kukaribisha wageni.

"Leo tuko na mzee wetu," akasema, "Mzee Daudi Kithome wa Ngula!"

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikataa kukutana. Kithome, mwana wa Ngula, mwana wa Kithome: yule nyapara alikuwa babu yake mzazi, na jina lilikuwa lake zima, halijapungua hata kidogo. Na filamu ilikuwa imeshaanza.

Mchezo wa jukwaani ungekuwa na huruma, ungebadilisha jina papo hapo na hakuna ambaye angejua. Filamu haina sikio. Nikanyata mpaka kwa Musyoka nikamnong'oneza, "Ruka pale kwa wimbo."

"Niruke? Hiyo si ndiyo sehemu tamu?"

"Ruka, nakuomba!"

"Nikigusa hii mashine itazima yote. Enda ukae."

Sikukaa. Nilisimama kando ya spika nikitazama ukutani, nikihesabu matukio yaliyobaki: unga unamwagwa, mapanga yanatupwa chini, viongozi wanafungwa kamba. Kisogo cha Mzee hakikusogea. Halafu nikatokea mimi mwenyewe, shati limeraruka, uso mkubwa kuliko mlango, nikiinua kidole ili nianzishe wimbo. Sikufikiri. Nilichomoa waya wa spika.

Kukawa kimya, nikashusha pumzi. Kumbe nilikuwa nimesahau vibarua wetu kwenye filamu waliigizwa na nani! Ni kwaya ya akina mama ya kanisa hilohilo, na wote walikuwa wameketi pale.

"Sauti imepotea!" Mama Kavata, kiongozi wao, akapaza sauti. "Akina mama, tuwasaidie hawa watoto!"

Wakasimama. Wakasaidia. Wakapiga makofi, wakapiga na vigelegele: *Kithome wa Ngula, umetuuza! Kithome wa Ngula, umetuuza!* Na ukutani kidole changu kilikuwa kimeelekea moja kwa moja mstari wa mbele. Ilichukua muda mpaka mmoja akamwona Mzee akiinuka, wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine. Musyoka naye sasa ndiyo akazima mashine.

"Nani alizima sauti?" Mzee akauliza.

Ningeweza kusema ni stima. Waya ulikuwa mkononi mwangu.

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima. Sikujua ni... ni jina lako."

"Huyo ni babu yangu na alifanya hivyo. Nikiwa mdogo nilikuwa naimbiwa huo wimbo mtoni mpaka narudi nyumbani bila maji. Unafikiri leo ndiyo nasikia?" Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kwa ukuta umesema. Hapa nikiwa nimekaa, umeficha. Imba."

"Mzee, mimi siwezi..."

"Imba."

Nikaimba, mbele ya pasta, mbele ya Mwende aliyefunika uso na leso, jina la mtu ambaye sikupaswa hata kumtazama machoni. Nilifika "Kithome wa" nikaishia hapo, macho kwenye viatu. Mzee akaumalizia yeye mwenyewe, jina lake na usaliti wake, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyetumwa maji. Kisha akachukua kofia yake.

"Jumamosi msikuje na mbuzi," akaniambia akipita. "Mtakuja nikitulia."

Alitulia baada ya mavuno, tukapeleka mbuzi. Mwende ndiye aliyenieleza, siku aliyokubali kuongea nami: "Baba hakukasirishwa na wimbo. Ulimwonea huruma mbele ya watu, na hiyo ndiyo hawezi kustahimili."

Basi mimi nimekoma. Siku hizi nikitaka kuigiza mambo ya zamani, kwanza naenda kwa wenyewe, nabisha hodi, nauliza kama hayo naruhusiwa kuyasema, na wakinikatalia narudi zangu nyumbani nikiwa nimewaona usoni.