Nafasi ya Koko Kwenye Wimbo wa Kamba

Hapana, usiniletee habari ya mwangwi. Mwangwi unarudisha kitu kilichosemwa. Wewe hukuwa Houston siku ile. Mimi nilikuwa, nimekaa na mama, na mama ndiye alinifinya mkono kabla sijaelewa nasikia nini.

Dada yangu alikuwa anacheza jimnastiki ile ya muziki, ya kamba na utepe. Alianzia gym moja ya kwetu Fort Worth, mama akisafisha sakafu pale, akapanda mpaka ikabaki nafasi moja kwenye timu ya taifa na yeye yumo kati ya wanaoitafuta. Wenzake walichagua muziki wa piano. Yeye akasema atacheza na wimbo wa koko, mama yake mama, mtu wa msitu kule Congo, wale ambao nyie mnawaita mbilikimo mkicheka. Kanisani mmoja alicheka mbele yangu. Hakurudia.

Wimbo ule hauna maneno. Wanawake wanauimba wakienda kuwinda na nyavu, kila mmoja na sauti yake, zinaingiliana kama matundu ya wavu. Mwenye sauti akifa, kipande chake hakiguswi mpaka matanga yaishe. Wakifika pale wananyamaza, halafu wanaendelea. Koko alikuwa amefia kwetu Fort Worth, na matanga hatukuwa tumemaliza, maana mtoto wake mmoja alikuwa bado kambi ya wakimbizi, karatasi za kuja Marekani hazijatoka.

Basi mama na mama wadogo wawili walirekodi bafuni, sababu bafu letu linatoa sauti vizuri. Katikati ya kaseti kuna shimo. Unasikia bomba linadondosha maji tu.

Kocha wake, mzungu mkali lakini wa haki, alianza tena ubishi tukiwa njiani kwenda kwenye mchujo Houston. "Majaji watadhani kaseti imekatika. Tuweke piano pale."

"Pale kuna mtu," dada akamjibu.

"Nani?"

"Bibi yangu."

Kocha akaniangalia. Nikamwambia aangalie barabara, ingawa mimi ndiye nilikuwa na-drive.

Ukumbi ulikuwa baridi kama friji. Dada akaingia, kamba ameikunja begani vile wanavyobeba wavu. Sauti za kina mama zikajaa mpaka juu. Likafika shimo, akarusha kamba, na pale kwenye kimya mtu akaimba. Sauti ya kizee, inakwaruza, karibu sana, kama amekaa kiti cha nyuma yetu. Nilingoja kamba ishuke, ikachelewa. Mwishoni ile sauti ikaita neno moja, jina la nyumbani la dada. Akadaka kamba bila kuiangalia.

"Usigeuke," mama akasema. "Muache amalize."

Sikugeuka.

Utasema ni majonzi. Sawa. Lakini majaji walikuwa na majonzi gani? Wao walimkata pointi. Sheria ya wakati ule, muziki usiwe na neno hata moja, na wao walikuwa wamesikia neno. Pointi zile zilikuwa zinamtoa kwenye timu. Nikashuka mpaka mezani kwao nikifoka, mlinzi akanishika shati. Kocha akawaambia wapige kaseti tena.

Wakapiga. Ikafika kwenye shimo: tone la maji, tone. Wakarudisha nyuma, wakapiga tena. Maji.

Jaji mkuu, mama wa nywele nyeupe, alikuwa ameandika lile neno kwenye karatasi vile alivyolisikia. Akamsogezea dada. "Hii ni lugha gani?"

Dada akasoma, akakaa chini sakafuni.

Pointi wakamrudishia. Akaingia timu. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyegusa redio. Mama na dada walikaa nyuma, wakaacha nafasi katikati yao, na kabla sijawasha gari mama akanyoosha mkono akaifunga mkanda ile nafasi tupu.

Jina lile halipo shuleni, halipo kwenye karatasi za ukimbizi, gym hawajawahi kulisikia. Koko ndiye alimpa, na alimwita hivyo ndani ya nyumba tu, mlango ukiwa umefungwa. Sasa wewe wa mwangwi, yule jaji alilitoa wapi?