Siku Waliponishusha Mtoni

Binti yangu wa kwanza alikufa kwa surua mjini Iringa, miaka ya hamsini, kabla hajaanza kutambaa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Siku hiyo alikuwa njiani kurudi kutoka Mbeya, na alipofika mtoto alikuwa ameshazikwa. Mama yangu alikuwa kwetu Unyakyusa, mbali kupita Mbeya. Habari ilimfikia kwa mdomo wa dereva mwingine, matanga yamekwisha. Nilizika na majirani.

Kwetu mtu akifa wanawake hulia kwa sauti na kwa maneno. Humwita aliyekufa, humlaumu kwa kuondoka, wakichoka hupumzika na kuanza tena. Pale makaburini mzee wa kanisa aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtoto alibatizwa na sasa yuko kwa Mungu, basi tuimbe. Tukaimba. Nikarudi nyumbani na kilio kimenikaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Wiki zikapita. Nilipika, nilifagia, mume wangu akiniuliza jambo nilimjibu. Maziwa yalikuwa hayajakauka. Nilijifunga kitambaa kifuani, na kila jioni nilikifua kivyangu nyuma ya nyumba.

Nilikuwa na marafiki wawili. Mmoja alikuwa Mhehe, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Wa pili alikuwa Mbena, msichana bado, akijifunza ukunga hospitalini. Yeye ndiye aliyempokea binti yangu alipozaliwa.

Jumamosi moja, mume wangu akiwa safarini, waliingia wote wawili bila hodi. Jirani alikuwa na sufuria ya unga kichwani.

"Vaa, dada. Tunashuka mtoni."

"Kufua?"

"Kufua nini? Kutembea tu."

Nikasema sijisikii. Mkunga alichukua shuka langu zito, akanifunika mabegani, akanifunga vizuri mbele kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa shule kwenye baridi. Nikainuka.

Tukateremka mlima mpaka Ipogolo. Njiani wanawake walitusalimu na kutuangalia mikono, maana hatukuwa na nguo za kufua wala mitungi. Baba mdogo wa jirani yangu alikuwa na mtumbwi pale kwenye mto Ruaha Mdogo, wa kuvukia kwenda kwenye bustani zake za ng'ambo.

"Mnavuka kwenda wapi?" akauliza.

"Hatuvuki, baba mdogo. Tunataka kutembea humo humo majini."

Mzee akashangaa. Kisha akaniangalia mimi. Akausukuma mtumbwi majini, akatukabidhi makafi mawili na kopo la kutolea maji.

Jirani alikaa nyuma, mkunga mbele, mimi katikati na sufuria mapajani. Jirani alijua kupiga kafi tangu utoto. Mkunga hakujua kitu. Alipiga upande mmoja tu, mtumbwi ukageuka ukaingia kwenye matete, akapiga yowe, ndege wakaruka wote. Wale wawili wakacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Mimi niliona hasira. Niliwaza, hawa wanacheka, na mwanangu yuko udongoni. Maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo miguuni, ya baridi sana, nikashika kopo nikaanza kuyatoa. Ilikuwa afadhali kuwa na kitu cha kufanya.

Tulipanda na mto taratibu mpaka mahali ambapo maji yalitulia chini ya mawe makubwa. Tukashuka kwenye mchanga. Wakatafuta mawe matatu, wakawasha moto wa kuni mbichi uliotutoa machozi sote, wakasonga ugali, wakachemsha perege waliopewa na mzee. Kuonja, hakuna chumvi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameibeba.

"Tutakula hivi hivi kama wagonjwa," mkunga akasema.

Waliniwekea chakula mbele yangu. Nikamega tonge, nikalishika tu.

"Kwenu mnaliaje?" jirani akauliza.

"Tunalia tu."

"Hapana. Nifundishe. Huku hakuna mtu wa kutusikia."

Nikasema siwezi. Akasema, nionyeshe mwanzo tu. Basi nikaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mwenzake wimbo, kwa Kinyakyusa. Mwanangu, mama yangu, umenikimbia ukaenda wapi, nani atakubeba huko, mgongo wangu umebaki mtupu. Nilipofika kwenye mgongo, sauti ikanitoka yenyewe. Sikumbuki nilisema nini tena. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga, na jirani yangu alikuwa analia pembeni yangu akirudia mwisho wa maneno yangu, maneno asiyoyajua hata moja. Mkunga alijizuia kwanza, maana hospitalini waliwakataza kulia. Kisha akasema, "Nilimshika mimi," akajifunika uso kwa khanga.

Tulilia mpaka moto ukazimika. Halafu tukala ule ugali uliopoa na samaki wasio na chumvi. Tukaumaliza.

Wakati wa kurudi mto ulitushusha wenyewe. Jirani akanipa kafi, nikapiga vibaya, hakuna aliyecheka. Yule mzee alikuwa ametungojea ukingoni. Nadhani alisikia. Alisema "Poleni, wanangu," akauvuta mtumbwi, basi.

Sisemi kwamba nilipona. Bado asubuhi niliamka nikinyoosha mkono kitandani kumtafuta. Lakini usiku ule nililala, na kabla mwezi haujaisha maziwa yakakauka.

Baadaye mume wangu alihamishiwa Mbeya. Nikapata wavulana watatu, msichana sikupata tena. Mkunga alipelekwa hospitali ya Njombe, na habari zake zikapotea polepole. Jirani yangu alifariki akijifungua mtoto wake wa sita. Taarifa ililetwa na dereva, kama kawaida yetu, nikapanda lori lile lile lililokuwa linarudi Iringa. Nilikuta ameshazikwa.

Binti yake mkubwa alikuwa jikoni, akichambua maharage ya wageni. Alinikaribisha kwa heshima, ila miaka ilikuwa imepita, hakunitambua. Nikamwambia nilikuwa rafiki wa mama yake. Akasema, "Karibu, shangazi," akanipa kigoda. Nikavuta ungo upande wangu, tukachambua pamoja, yeye akitupa mawe mlangoni na mimi nikitupa mawe mlangoni, mpaka dereva alipopiga honi barabarani.