Kipande Kilichobaki Kwenye Nyama

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Nanyala, Mama Neema, muuza nyama ya nguruwe, aliposimama mlangoni mwa karakana na kisu nilichomtengenezea juzi yake. Makali yalikuwa na pengo dogo, kama punje ya mchele.

"Fundi, kipande chake kiko wapi?"

Nilidhani ananigombeza. Kumbe alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amekatakata nyama ya harusi, mabeseni mawili, na chuma kilikuwa humo humo, kikingoja koo la mtu.

Mzee Siwale, aliyenifundisha ufundi, alifungua spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kwenye mfuko safi wa nailoni. "Utaipitisha wewe," akaniambia, "kipande kimoja kimoja cha nyama."

Mabeseni yakaletwa karakanani, Mama Neema akanisimamia. "Tafuta, baba. Wageni wanakuja kula pilau, hawaji kumeza springi ya lori."

Kisu kilitokana na springi kweli, ya lori la Tunduma, chuma kizuri sana. Beseni la kwanza sikupata kitu. La pili, karibu na chini, sumaku ikanasa. Tulikipachika kile kipande kwenye pengo, kikaenea sawasawa; hakuna kingine kilichobaki kwenye nyama. Hapo ndipo Mama Neema alipokaa kitako.

Lakini mimi sikutulia. Kisu chake cha zamani, kazi ya Mzee, kilitoka kwenye springi ile ile na moto ule ule, na kilikuwa kimegonga mifupa mwaka mzima bila kumeguka. Nikavididimiza vyote viwili kwenye udongo mbichi, makali chini, nikatazama alama. Cha Mzee kiliacha mfereji uliotanuka upesi. Changu kiliacha mwanya mwembamba hadi ndani, maana nyuma ya makali chuma kilikuwa chembamba mno.

Visu vyetu tulivisaga ubavuni kwa jiwe la duara la mashine, kila upande ukabaki na mbonyeo, kibonde kinachokula unene wa chuma.

"Mbonyeo uliupandisha hadi wapi?" Mzee akauliza.

"Karibu na mgongo."

"Kwa nini?"

"Kinapendeza. Halafu kinanyoa."

"Mama Neema ni kinyozi?"

Mama mwenyewe akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujawasha mashine, uliza kisu kitakutana na nini. Kama ni nyama tupu, pandisha mbonyeo, chuma kiwe chembamba na kiteleze. Kama kuna mfupa, ishia chini, uache unene nyuma ya makali. Chora mstari wa kikomo cha mbonyeo pande zote mbili, na usiuvuke kwa sababu ya uzuri. Na siku kazi yako ikivunjika mkononi mwa mtu, usianze kujitetea. Tafuta kwanza kipande.

Mungu ailinde mikono yako, na mkono utakaoshika ulichotengeneza, na kinywa kitakachokula.