Kibanio cha Mama Pini

Mtaani wanamwita mama yangu Mama Pini, kwa sababu anafanya kazi na pini mdomoni. Akiulizwa kitu anajibu "mm" au "mm-mm" na kuendelea kushona. Mteja asiyemzoea anaondoka hajui kama suruali yake iko tayari au haiko. Pini zikitoka mdomoni na kuchomekwa kwenye kile kimto chake, ujue kuna neno zito, na wote tunanyamaza.

Anashonea barazani kwetu, kwenye cherehani ya mkono. Mvua ikija ya upande tunaingiza cherehani ndani, tunaisukuma hadi ukutani kando ya kitanda, na yeye anashona amekaa kitandani. Mwanga wa ndani ni hafifu. Siku hizo nyuzi namtungia mimi.

Mjomba ni mdogo wake wa pekee. Wazazi wao walipofariki, mama alikuwa msichana tu na mjomba hata kamba za viatu alikuwa hajui kufunga. Mama akaacha mambo yake yote, akamlea. Alipopata nguvu kidogo mjomba akaenda kubeba makreti ya soda kwenye ghala, kila siku, bega la kushoto, kwa sababu la kulia alisema linamuuma. Mpaka anaacha kazi ile, bega la kushoto lilikuwa limeshuka na halikurudi tena. Ukimwona bila shati utaliona. Akiwa na shati huoni kitu, kwa sababu mashati yake anashona mama, na ndani ya bega lile anaweka pedi ya kitambaa aliyoikunja mwenyewe. Mjomba ameshavaa hivyo miaka mingi, nadhani hata yeye amesahau kwamba amepinda.

Alipopata kazi ya uhudumu kwenye ukumbi wa sherehe, tulifurahi kama tumepata sote. Shati jeupe, suruali nyeusi, na ile tai ya kipepeo nyeusi iliyofungwa tayari kiwandani, unaivaa kwa mpira unaozunguka shingo. Shida ikawa ni mpira. Shingo ya mjomba haikuutaka. Jasho likichanganyika na ule mpira, ngozi inatoka vipele, vipele vinapasuka, na kola nyeupe inapata mistari ya damu. Bosi wa ukumbi akamwambia mbele ya wenzake, "Ukija tena na kola ya bucha, rudi hukohuko bucha."

Mjomba akaja kwetu amenuna, akakaa kwenye kigoda, akauvua ule mpira na kuutupa uani.

"Dada, kazi imekwisha hii."

"Mm-mm," mama akasema.

Akachukua kifuniko cha kopo la maziwa. Akakikata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo zote zisikate, akakivika kitambaa cheusi. Kilikuwa kama kipande cha mkanda, upana wa vidole viwili, chenye mabawa mawili. Katikati alitoboa tundu lililo pana juu na jembamba chini. Unapitisha kifungo cha juu cha shati kwenye ule upana, unakishusha kwenye wembamba, kinanasa. Mabawa unayaingiza chini ya kola, kulia na kushoto, hayaonekani. Kwa mbele kuna ulimi wa waya, na fundo la tai linakaa juu ya ulimi huo. Hakuna kinachozunguka shingo. Kwisha.

Haikuwa kwisha, kwa kweli. Cha kwanza kilianguka kwenye bakuli la supu la mgeni. Mjomba alituigizia yule mgeni alivyoitoa tai kwa kijiko na kuuliza, "Kijana, hii nayo ni ya kuliwa?" Tulicheka mpaka mama akameza mate vibaya na pini zikamwagika. Cha pili kilishika, lakini tai ikawa inalala upande wa kushoto, maana kola nzima ya mjomba inavutwa na lile bega. Mama akamsimamisha mlangoni kwenye mwanga, akashika koleo dogo, akaupinda ulimi kidogo kuelekea kulia. Akarudi nyuma akaangalia. Akapinda tena kidogo. Tai ikanyooka kana kwamba imechorwa kwa rula.

Tangu hapo mjomba kila akienda kazini alipita kwetu kwanza. Kioo kipo ndani, kinaning'inia nyuma ya mlango, lakini hakuwa na haja nacho. Anasimama mbele ya cherehani, anainua kidevu.

"Dada, imekaa?"

"Mm."

Anaondoka.

Wahudumu wenzake wakaanza kumuuliza mbona yeye hajikuni. Na wakati huohuo bosi alikuwa anatafuta fundi wa ukumbi, wa kushona mapazia, vitambaa vya meza na sare. Fundi huyo angepewa chumba cha nyuma. Mjomba ndiye aliyetuletea habari: chumba kina dirisha kubwa, kina taa, na mvua hata ije ya upande gani haiingii.

"Nitamwonyesha bosi hiki kibanio," akasema. "Nitamwambia ni kazi ya dada yangu. Akishakiona, chumba ni chako, nani atampita Mama Pini?"

Mama akatoa pini zote mdomoni.

"Hicho cha shingoni usiwape. Hicho ni chako peke yako. Subiri nitengeneze cha watu wote, ukipeleke hicho."

"Sawa, dada."

Akatengeneza. Kitambaa kizuri kuliko cha kwanza, ulimi umesimama katikati, haukupinda popote. Kwa nyuma akatia mshono mmoja wa uzi mwekundu, kama anavyotia kwenye kila kazi yake. Mjomba akija, mama anakinyanyua kumwonyesha. Mara bosi amesafiri. Mara bosi ana wageni. Mara, "Nitakipitia kesho, dada, leo nimechelewa." Kibanio kikaingia kwenye kopo la vifungo kikakaa humo. Mama hakulalamika. Ila nilimkuta mara moja anapima cherehani kwa utepe, urefu na upana, na nilijua anapima kama itaenea chini ya lile dirisha.

Kisha jirani yetu akaozesha binti yake, na sherehe ikawa kwenye ukumbi wa kina mjomba. Mama alivaa gauni lake la bluu. Njiani alikuwa mchangamfu, akaniambia tukifika tuombe kukiona chumba cha nyuma, hata kwa mlangoni tu.

Tukakaa meza ya pembeni. Wahudumu wakatoka jikoni wamejipanga mstari, trei mkononi, wamependeza. Jirani aliyekaa nasi akanibinya.

"Hebu waangalie hao. Tai zote zimelalia kulia. Ni fasheni au wamepigwa na upepo?"

Meza nzima ikacheka. Mama hakucheka. Nilimwona anaangalia shingo moja, anahamia nyingine, anahamia nyingine. Kila tai ilikuwa imepinda upande uleule, kiasi kilekile.

Mhudumu mmoja kijana akaja na soda. Mama akamshika mkono taratibu.

"Mwanangu, hiyo tai imekuwaje?"

"Acha tu, mama. Ukiinyoosha inarudi. Kuna kibanio humu ndani, kabuni mkuu wetu."

"Mkuu wenu nani?"

"Si yule pale." Akaonyesha kwa kidevu, na kule alikoonyesha alikuwa mjomba, amevaa koti jipya, amesimama na bosi. "Alikuwa mwenzetu, kapandishwa juzijuzi kwa sababu ya hiki kitu. Bosi alikipenda, akakichukua kutoka shingoni mwake, akampa fundi avitoe vingine kama hivyo. Sasa muone mkuu ya kwake ilivyonyooka. Sisi tunasema kabaki na kizuri, katugawia vibovu."

"Fundi gani?"

"Huyu wa chumba cha nyuma. Mgeni, kaja mwezi huu."

Mama akamwachia mkono. Akasema ahsante kwa ile soda.

Mimi nilikuwa namwangalia mjomba. Alikuwa anapita meza kwa meza na bosi, wanasalimia watu. Nikasema moyoni, akifika hapa atasema. Atasema huyu ni dada yangu. Walifika. Mjomba alimwona mama, akaniona na mimi, na uso wake ulifanya kitu kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji akiwa na soksi. Halafu ukarudi ulivyokuwa. Akainama kidogo, mkono mmoja nyuma.

"Karibuni sana. Mama, utakunywa nini?"

Maisha yake yote anamwita dada.

"Maji tu," mama akasema.

Bosi akampiga mjomba mgongoni, akaiambia meza yetu, "Huyu bwana msimwone hivi. Ana kichwa huyu!" Mjomba akatabasamu. Maji aliyaleta mwenyewe, akayamimina, hata tone moja halikumwagika kwenye kitambaa. Mama hakuyanywa. Chumba cha nyuma hatukwenda kukiona.

Asubuhi mjomba alikuja amebeba mfuko wa kitambaa. Mama alikuwa kazini, pini mdomoni, cherehani inalia. Mjomba akauweka mfuko chini, ukatoa sauti ya bati.

"Dada, shikamoo."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Jana, dada..."

Mama akatoa pini. Moja moja, akazichomeka.

"Jana ulinihudumia vizuri."

"Bosi alikuwa ubavuni kwangu. Ningesema nini?"

"Ungesema dada."

Mjomba akakaa kwenye kigoda chake, magoti juu kama mtoto. "Nilitaka kusema. Naapa. Siku ile bosi alikiona akaniuliza hiki nini, nikaanza kumweleza, hata sijafika kwenye jina lako kasema wewe una akili sana. Sasa mtu akishasema hivyo, utamkatiza?"

"Na siku iliyofuata?"

Mjomba akaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Na mwezi mzima unapita hapa, unainua kidevu, 'dada, imekaa?' Mimi nakuambia imekaa. Fundi wa watu yuko chumba cha nyuma na wewe unaniambia bosi amesafiri."

"Dada, nilikuwa natafuta namna..." Akaugusa mfuko kwa mguu. "Sasa sikiliza. Vimepinda vyote. Fundi anasema ameiga alichopewa, hana kosa. Bosi jana watu wamemcheka, anataka leo vinyooke, kuna wageni wakubwa jioni. Kasema kama sijui kukinyoosha basi sikukibuni mimi. Cheo kitaondoka, dada. Labda na kazi. Wewe ndiye unayejua kilivyo."

Mama alikaa akiangalia mikono yake. Nilidhani atafoka. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, ile anayomwambia mteja arudi kesho.

"Twende wote, sasa hivi. Nabeba koleo langu. Navinyoosha palepale mbele ya bosi wako. Wewe neno lako ni moja tu: huyu ni dada yangu, yeye ndiye aliyekitengeneza. Chumba sikitaki tena. Sema hilo tu."

Mjomba akaangalia mfuko. Akaangalia barabara. Pikipiki ikapita, akaisindikiza kwa macho hadi ilipokata kona.

"Baadaye, dada. Mambo yakitulia, nitasema. Leo nikisema nimekwisha."

"Haya."

Mama akainuka, akaleta lile kopo la vifungo. Akachokora mpaka akatoa kibanio chenye uzi mwekundu, kile cha watu wote. Akakipuliza vumbi.

"Vua hicho."

Mjomba akavua cha shingoni, akampa. Mama akakipokea, akakigeuza kwenye kiganja. Kitambaa kilikuwa kimeng'aa kwa kuvaliwa, na ulimi umepinda vilevile alivyoupinda siku ile mlangoni.

"Hiki nilikuambia ni chako peke yako," akasema, "ukakitoa. Basi si chako." Akakidondosha ndani ya kopo, kati ya vifungo. "Chukua hiki kingine. Mwambie fundi wenu avinyooshe vyote viwe kama hiki, na kila mtu itamkaa."

"Kila mtu?"

"Kila mtu aliyenyooka."

Mjomba hata hakulisikia neno hilo vizuri, alikuwa amekwisha kukishika kwa mikono miwili, anashukuru, anasema Mungu akuweke dada, anasema atakumbuka. Akakitia kwenye kifungo, akaingiza mabawa, akabandika tai. Mama alikuwa amerudi kwenye cherehani, amezirudisha pini mdomoni.

Mjomba akasimama mbele yake, akainua kidevu.

"Dada, imekaa?"

Mama hakusema "mm" wala "mm-mm". Alizungusha gurudumu, kitambaa kikapita.

Mjomba akanigeukia mimi. "Imekaa?"

"Kioo kiko ndani," nikamwambia.

Akacheka. "Leo nyumba hii ina kiburi!" Akanyanyua mfuko, akautia begani, bega lilelile la kushoto, akashuka ngazi za baraza.

Tai ilikuwa imelala kushoto, imeinamia bega lile kama jani lililokatika kikonyo. Jioni wenzake wote wangenyooka, na yeye mkuu wao angesimama mbele ya wageni hivyohivyo, akitafuta kosa liko wapi. Mama naye alikuwa ameiona. Cherehani ikasimama. Akatoa pini zote mdomoni kwa mpigo mmoja, akainuka nusu kwenye kiti, na mdomo ukafunguka. Mjomba hakuwa mbali, alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye nguzo ya umeme. Angeitwa kwa sauti ndogo tu angesikia.

Mama akakaa. Akazirudisha pini mdomoni, moja, na nyingine, na nyingine, mpaka mjomba akakata kona.